Mwalimu na Vitabu Vyake: Maisha ya Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere

Kila mwaka ifikapo tarehe 14 Oktoba, taifa letu humkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Shule na ofisi hufungwa, na redio hurudia sauti yake. Wengi wetu, hata huku Issuna na vigango vya jirani, tumemjua kwa njia hiyo ya sauti: kiongozi akihutubia, umati ukisikiliza. Lakini yako maisha yake mengine ambayo hayana umati wala kipaza sauti, nayo ni maisha ya mtu aliyeketi peke yake na kitabu. Sisi waamini tuna sababu ya pekee ya kuyatazama maisha hayo, kwa kuwa Kanisa limeanza kuyachunguza, na uchunguzi huo hupita katika vitabu na karatasi alizoacha.

Utoto wa Butiama

Kambarage alizaliwa Butiama, karibu na Ziwa Victoria, mwezi Aprili mwaka 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki. Mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano miongoni mwa wake wengi wa chifu. Katika nyumba hiyo hapakuwa na kitabu. Elimu ilipokewa kwa kusikia: methali, hadithi za wazee, na mashauri yaliyotolewa barazani mbele ya chifu. Mtoto alichunga mbuzi, akalima pamoja na mama yake, akajifunza mchezo wa bao kutoka kwa wakubwa.

Alikuwa na umri wa miaka 12 alipoanza shule, mwaka 1934, katika Shule ya Mwisenge, Musoma, takribani kilomita 40 kutoka nyumbani. Kwa viwango vya leo tungesema alichelewa. Hata hivyo alisonga mbele haraka, akachaguliwa kwenda Shule ya Serikali ya Tabora, iliyokuwa miongoni mwa shule bora za Tanganyika wakati huo. Huko Tabora mlango wa vitabu ulifunguka, na haukufungwa tena mpaka mwisho wa maisha yake.

Ubatizo na jina jipya

Kambarage alianza kusikia mafundisho ya dini Katoliki akiwa mwanafunzi wa Mwisenge. Hakubatizwa upesi. Alijifunza kwa muda mrefu, akauliza maswali, akasoma. Baba yake alifariki mwaka 1942. Mwezi Desemba mwaka 1943, kijana huyo wa miaka 21 alibatizwa katika misioni ya Nyegina na kupewa jina la Julius.

Tutafakari jambo hilo dogo. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba isiyo na maandishi aliingia katika Kanisa, na Kanisa huandika kila ubatizo katika kitabu: jina, tarehe, wazazi, msimamizi, na padre aliyebatiza. Ndivyo sheria ya Kanisa inavyodai kwa kila parokia, na ndivyo majina yetu na ya watoto wetu yalivyoandikwa. Mstari mmoja ulioandikwa vizuri na kutunzwa huweza kusomwa na mtu ambaye mwandishi wake hakumjua kamwe. Ukiandikwa vibaya, au kitabu kikiachwa kiliwe na mchwa, mtu huyo atatafuta bila kupata.

Mwanafunzi na mwalimu

Kutoka Tabora, Julius alikwenda Chuo cha Makerere, Kampala, akasomea ualimu kuanzia mwaka 1943 hadi 1945. Huko alisoma maandishi ya mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill kuhusu hali ya wanawake, kisha akaandika insha akitumia fikra hizo kueleza maisha ya wanawake wa kabila lake. Jambo hilo linaonyesha namna alivyosoma katika maisha yake yote. Hakusoma ili akariri ya wageni, bali aliyachukua na kuyaweka mbele ya mama yake na dada zake, akauliza kama yana ukweli wowote kwao.

Kuanzia mwaka 1946 alifundisha katika Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, iliyokuwa chini ya Mapadre Weupe, yaani Wamisionari wa Afrika. Mwaka 1949 alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, akarudi mwaka 1952 akiwa na shahada ya M.A.. Alisoma fasihi ya Kiingereza, uchumi, historia, sheria ya katiba, elimu ya jamii za watu na falsafa ya maadili. Mwezi Januari mwaka 1953 alifunga ndoa na Maria Gabriel Magige, akaanza kufundisha katika Shule ya Mtakatifu Francis, Pugu. Jina la Mwalimu, ambalo hatukuacha kumwita hata alipokuwa Rais, lilitoka katika madarasa hayo.

Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kilizaliwa, naye akawa kiongozi wake. Mwezi Machi mwaka 1955 alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York, na aliporudi ilimbidi achague kati ya ualimu na siasa. Alijiuzulu ualimu, akapoteza mshahara, akarudi kwao Butiama.

Kipindi hicho hakitajwi sana, lakini kwetu sisi ni cha thamani. Mtu aliyekuwa ametoka New York aliketi na padre mmoja wa Shirika la Maryknoll, akamfundisha Kizanaki, na kusaidia kutafsiri masomo ya Misa kwa lugha hiyo. Alitaka wazee wa kwao wasikie Neno la Mungu kama walivyozoea kusikia maneno ya nyumbani. Mbegu ya kazi kubwa aliyoifanya uzeeni ilipandwa hapo.

Rais anayetafsiri

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwezi Januari mwaka 1962 Mwalimu alijiuzulu uwaziri mkuu, akatumia miezi mingi kukijenga chama na kuandika. Mwaka huo aliandika kijitabu chake maarufu kuhusu Ujamaa, na mwezi Desemba akawa Rais.

Mwaka 1963, katikati ya shughuli za nchi changa, ilitoka tafsiri yake ya tamthilia ya William Shakespeare kwa jina la Julius Caezar. Mwaka 1969 aliichapisha upya baada ya kuisahihisha, safari hii kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huohuo ikatoka Mabepari wa Venisi. Mkuu wa nchi angeweza kuacha kosa la lugha lipite, kwa kuwa ni nani angemkemea? Yeye alirudi kwenye kazi yake mwenyewe, akaona palipopungua, akarekebisha mbele ya watu wote.

Hakutaka vitabu viwe mali ya wachache. Huduma za maktaba za umma ziliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, ilifunguliwa Desemba 1967. Mwezi Machi mwaka huohuo alikuwa ametoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wazee wetu wengi wanakumbuka jioni walizokaa chini ya miti au katika vyumba vya madarasa, mikono iliyozoea jembe ikishika kalamu kwa mara ya kwanza. Mama aliyejifunza kusoma wakati huo ndiye aliyesimama baadaye kigangoni kusoma somo la kwanza siku ya Dominika.

Ukweli wote

Haifai kusimulia maisha ya mtu wa Mungu kwa kuficha yaliyokuwa magumu. Uhamisho wa watu kwenda vijiji vya Ujamaa katika miaka ya 1970 uliwaumiza wengi. Watu wa mikoa ya kati, Singida ikiwemo, waliacha makazi ya asili, mashamba na makaburi ya wazee wao, na mahali pengine nguvu ilitumika. Wapo waliowekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Uchumi uliyumba, na watu walipanga foleni kwa ajili ya sukari na sabuni. Mwalimu mwenyewe, katika miaka yake ya mwisho, alikiri hadharani kwamba serikali yake ilifanya makosa, ingawa hakuiacha imani yake katika usawa wa binadamu.

Kanisa halitangazi utakatifu kwa kufunika mambo hayo. Huyapima. Na ili yapimwe kwa haki, ni lazima kwanza yapatikane.

Tenzi za uzee

Mwalimu aliondoka Ikulu mwaka 1985 kwa hiari yake, jambo lililokuwa nadra Afrika wakati huo, na mwaka 1990 akaacha uenyekiti wa chama. Alirudi Butiama, akalima shamba lake, akahudhuria Misa siku za kazi kama alivyozoea hata alipokuwa Rais. Nyumbani kwake walimzunguka wajukuu, wageni, na vitabu vingi alivyovikusanya katika maisha yake.

Hapo alitimiza kazi aliyoianza kwa udogo pamoja na yule padre wa Maryknoll. Aliziweka Injili zote 4 na kitabu cha Matendo ya Mitume katika utenzi wa Kiswahili. Utenzi ni umbo la kale la ushairi wetu wa pwani; kwa kawaida kila ubeti una mishororo 4 na kila mshororo mizani 8. Ni umbo linalofaa kuimbwa na kukaririwa, hata na asiyejua kusoma. Wamisionari Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho walizichapisha tenzi hizo mwaka 1996. Mzee mwenye miaka zaidi ya 70, aliyewahi kukutana na wakuu wa dunia, alikuwa akihesabu mizani ya maneno ya Bwana.

Alifariki dunia tarehe 14 Oktoba 1999 katika Hospitali ya St Thomas', London, kwa saratani ya damu. Alizikwa Butiama, mahali alipozaliwa.

Kazi ya kutafuta

Mwezi Januari mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilifungua rasmi mchakato wa kumtangaza Mwenyeheri, na mwaka huohuo akaanza kuitwa Mtumishi wa Mungu. Waamini wengi hudhani kwamba baada ya hatua hiyo kinachosubiriwa ni muujiza tu. Sivyo. Kabla ya muujiza kuna kazi ndefu, isiyo na shangwe, ambayo sehemu yake kubwa ni kutafuta maandishi.

Taratibu za Kanisa zinaagiza kwamba maandishi yote ya Mtumishi wa Mungu yaliyochapishwa yakusanywe na kusomwa na wachunguzi wa teolojia wasiopungua 2, kila mmoja akifanya kazi peke yake, na majina yao huwekwa siri. Wanaangalia kama kuna lolote lililo kinyume cha imani na maadili. Pamoja nao huteuliwa tume ya wataalamu wa historia na nyaraka, wasiopungua 3, ambao hutafuta maandishi yasiyochapishwa: barua, shajara, rasimu, na hati nyingine zinazomhusu, ziwe za kumsifu au za kumlaumu. Watu hao wanapaswa kutoa ushahidi kwamba wametafuta kwa bidii na kueleza walikotafuta.

Kwa mtu kama Mwalimu, kazi hiyo ni pana mno. Hotuba na maandishi yake ya uongozi yamo katika majuzuu makubwa: Uhuru na Umoja ya mwaka 1966, Uhuru na Ujamaa ya 1968, Uhuru na Maendeleo ya 1973. Kuna vijitabu, tafsiri, tenzi na barua. Zamani mtafutaji angefungua saraka ya kadi katika maktaba, kadi moja kwa jina la mwandishi, nyingine kwa jina la kitabu, nyingine kwa mada. Leo kadi hizo zimeingizwa katika kompyuta: unaandika neno, na orodha inakuja.

Lakini kompyuta haijui unachokusudia. Inajua herufi ulizoandika. Anayetafuta Juliasi Kaizari huenda asione chapa ya 1963, kwa sababu ile iliandikwa Julius Caezar. Anayetafuta neno Injili, kama tunavyoliandika katika Misale, anaweza kuzikosa tenzi zote 4, kwa kuwa Mwalimu aliliandika Enjili. Kitabu kimoja kimeorodheshwa chini ya Nyerere, kingine chini ya J. K. Nyerere, kingine chini ya Mwalimu. Herufi moja tu inaweza kuficha kazi ya miaka. Kwa hiyo mtunza vitabu mwaminifu huandika jina moja kwa namna moja, kisha huongeza alama inayoelekeza: ukikuta namna hii, tazama pia namna ile. Huo ni upendo wa kweli kwa mtu usiyemjua, yule atakayekuja kutafuta baada yako.

Naye mtafutaji anahitaji fadhila zake. Anahitaji uvumilivu wa kujaribu tena kwa neno jingine, na unyenyekevu wa kutosema haraka kwamba kitu hakipo kwa kuwa yeye hajakiona. Zaidi ya yote anahitaji uaminifu, kwa maana yuko katika kishawishi cha kukusanya tu yale yanayompendeza. Anayempenda Mwalimu angetamani kuacha barua inayomtia doa. Asiyempenda angetamani kuacha utenzi. Wote wawili wangemdhulumu marehemu, na wangelidhulumu Kanisa, ambalo haliwezi kutoa hukumu ya haki juu ya nusu ya ukweli.

Yanayotuhusu sisi

Ndugu waamini, mtu anaweza kuuliza: mambo ya maktaba ya Butiama na tume za wataalamu yanatuhusu nini sisi wakulima wa alizeti na uwele wa Issuna? Yanatuhusu kwa namna 3.

Kwanza, tuombe kwa usahihi. Mwalimu ni Mtumishi wa Mungu. Bado hajatangazwa Mwenyeheri wala Mtakatifu. Hairuhusiwi kumheshimu hadharani katika liturujia kama watakatifu, lakini kila mmoja, faraghani, anaweza kumwomba Mungu neema kwa maombezi yake. Anayeamini kwamba amepata neema ya pekee aiandike: lini, wapi, nani alishuhudia, daktari alisema nini. Kisha ampelekee paroko wake. Neema isiyoandikwa hubaki simulizi, na simulizi hubadilika kila inapopita mdomo mwingine.

Pili, tutunze maandishi yetu. Jimbo letu la Singida liliundwa mwaka 1972, na waliokuwa watu wazima wakati huo wanazidi kupungua. Katika masanduku ya familia zetu kuna vyeti vya ubatizo na ndoa, madaftari ya katekista aliyekwisha kufariki, barua za mapadre wa kwanza, vitabu vya sala vilivyochakaa. Vingi huishia kuwashia moto au kufungia karanga. Si lazima kuwa na kompyuta. Daftari moja la mistari linatosha: andika jina la kitabu au hati, nani alikiandika, mwaka, na mahali kilipo ndani ya nyumba. Kijana aliyemaliza sekondari anaweza kuifanya kazi hiyo kwa babu yake katika jioni chache, na kadiri anavyouliza, babu atasimulia yale ambayo hayamo katika karatasi yoyote.

Tatu, tusome. Mwalimu alikuwa na nchi ya kuongoza, na bado alipata saa ya kitabu. Sisi tuna Biblia nyumbani. Mara nyingine imewekwa juu ya kabati pamoja na vyombo vya wageni, na inafunguliwa siku ya msiba. Tuishushe. Familia moja, sura moja, kila jioni kabla ya kulala. Mwenye macho mazuri awasomee wasioona vizuri, na mtoto anayejifunza kusoma apewe zamu yake hata akikwama kwama.

Hukumu juu ya utakatifu wa Julius Kambarage Nyerere iko mikononi mwa Kanisa, na kwa ukamilifu wake iko mikononi mwa Mungu peke yake. Mungu hahitaji saraka ili atukumbuke. Majina yetu yameandikwa kwake bila kosa la herufi. Sisi ndio tunaosahau, na kwa hiyo sisi ndio tunaopaswa kuandika na kutunza. Tumwombe Bwana awajalie wote wanaopekua maandishi ya Mtumishi wake macho makini na moyo usio na upendeleo, ili kile kitakachotangazwa siku moja kiwe ni kweli tupu.

Raha ya milele umpe, ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie. Apumzike kwa amani. Amina.